Saa Ngapi Angani? Jinsi ya Kukokotoa Umbali na Muda wa Ndege Kati ya Miji Miwili Iliyo Mbali

Tazama tiketi hii. Ndege inaondoka Singapore Jumatatu saa 23:30 na kutua New York Jumanne saa 06:10. Ukihesabu kwa vidole utapata saa sita na dakika arobaini, na utashangaa watu wanalalamikia nini. Muulize aliyekaa ndani yake. Amekula, amelala, ameamka, amekula tena, na kila akitazama ramani iliyo mbele ya kiti chake bado kuna bahari. Safari hiyo ni ya saa 18 na dakika 40.

Tiketi haijadanganya. Imeandika saa za ukutani za kila mji, basi. Kazi ya kujua utakaa angani muda gani imeachwa kwako.

Mimi hupangia watu safari, na swali la "ni saa ngapi mpaka kule?" haliniishi masikioni. Nimejifunza kutolijibu mbio. Umbali kati ya miji miwili ni mmoja na haubadiliki, lakini muda hubadilika kwa upande unaoelekea, kwa msimu, kwa njia iliyochaguliwa siku hiyo, hata kwa vita inayopiganwa chini ya njia hiyo. Kwa hiyo tuanze na kilichotulia, yaani umbali, halafu tuujenge muda juu yake. Mfano wetu utakuwa Johannesburg na Sydney, kwa sababu jozi hii ina karibu kila mtego ninaotaka uuone.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mji upi na kiwanja kipi

Inaonekana hatua ya kitoto. Lakini mwaka 2002 vijana wawili wa Kiingereza waliokuwa wakienda Sydney ya Australia walijikuta Sydney ya Nova Scotia, Kanada. Kuna San José ya Costa Rica na San Jose ya California, kuna Birmingham ya Uingereza na ya Alabama. Usiliamini jina, amini msimbo wa herufi tatu ulioandikwa kwenye tiketi. Sydney ya Australia ni SYD, ile ya Kanada ni YQY. San José ya Costa Rica ni SJO, ya California ni SJC.

Mji mmoja pia unaweza kuwa na viwanja kadhaa. Tokyo ina Haneda, kilomita kama 15 kutoka katikati ya mji, na Narita, kilomita kama 60. Kwa umbali wa angani tofauti hiyo si kitu. Kwa muda wa kufika hotelini ni saa nzima.

Hatua ya 2: Andika majiranukta

Majiranukta ni namba mbili zinazoonyesha mahali palipo kiwanja: latitudo, yaani nyuzi ngapi kaskazini au kusini ya ikweta, na longitudo, yaani nyuzi ngapi mashariki au magharibi ya Greenwich. Kwenye ramani ya simu, bonyeza na ushikilie juu ya kiwanja na namba zitajitokeza. Za kwetu ni hizi:

Johannesburg (JNB): latitudo −26.14, longitudo 28.25
Sydney (SYD): latitudo −33.95, longitudo 151.18

Kusini ya ikweta ni hasi, magharibi ya Greenwich ni hasi. Alama hiyo ndogo imewahi kuniaibisha. Niliandika 33.95 ya Sydney bila alama ya kutoa, nikampa mteja umbali wa kilomita 14,500 na ushee. Nilikuwa nimeihamisha Sydney hadi baharini upande wa pili wa ikweta, na kumwongezea kilomita 3,500 za hewa. Aligundua yeye, si mimi, alipoona ramani ya ndege akiwa njiani.

Kosa jingine la kawaida ni kuchanganya nyuzi zenye dakika na nyuzi za desimali. Nyuzi 26 na dakika 8 si 26.08. Gawanya dakika kwa 60 kwanza: 8 ÷ 60 ni 0.13, kwa hiyo ni 26.13.

Hatua ya 3: Pima umbali

Hapa ndipo ramani ya ukutani inapowapoteza wengi. Ukichukua rula ukaunganisha Johannesburg na Sydney kwenye karatasi, mstari utapita katikati ya Bahari ya Hindi, karibu latitudo ya 30 kusini, ukiwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Ndege haipiti hapo. Dunia ni mviringo, na njia fupi kuliko zote juu ya mviringo hufuata kile kinachoitwa duara kuu: duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe.

Njia nzuri ya kulielewa ni kwa uzi. Chukua tufe la dunia, lile la mezani lenye kipenyo cha sentimita 30. Bana ncha moja ya uzi juu ya Johannesburg, ivute nyingine hadi Sydney, kisha kaza. Usiulazimishe, acha wenyewe utafute mahali pa kukaa. Utauona unateleza kuelekea kusini, unashuka, unashuka, hadi unakaza ukiwa umepita mbali kabisa na visiwa vyote unavyovijua. Katikati ya safari uko latitudo ya 50 kusini, upande wa Antaktika, ingawa mji mmoja uko 26 na mwingine 34. Sasa pima uzi huo kwa rula. Tufe la sentimita 30 lina mzunguko wa sentimita 94 hivi, na mzunguko wa dunia ni kilomita 40,000 na kidogo, kwa hiyo kila sentimita moja ni kilomita 425. Uzi wetu una sentimita 26. Zidisha: kama kilomita 11,050.

Kwa uzi tu, bila hesabu, umekaribia kabisa. Mstari wa rula kwenye karatasi ungekupitisha njia ya kilomita zaidi ya 11,800, yaani karibu saa nzima ya kuruka bure.

Anayetaka namba kamili atumie kikokotoo chenye sin na cos. Hakikisha kimewekwa kwenye nyuzi na si radiani (kipimo kingine cha pembe), yaani kiandike DEG, la sivyo utapata majibu ya kichekesho. Fuata hivi:

Kwanza, sin ya latitudo ya mji wa kwanza mara sin ya latitudo ya mji wa pili. Kwetu: −0.4406 × −0.5585 = 0.2460.

Pili, cos ya latitudo ya kwanza mara cos ya latitudo ya pili mara cos ya tofauti ya longitudo. Tofauti ya longitudo ni 151.18 − 28.25 = 122.93. Kwetu: 0.8977 × 0.8295 × −0.5436 = −0.4048.

Tatu, jumlisha: 0.2460 − 0.4048 = −0.1588. Bonyeza kitufe cha kinyume cha cos, upate nyuzi 99.14.

Nne, zidisha nyuzi hizo kwa 111.2, ambazo ni kilomita katika uzi mmoja (digrii moja) wa duara kuu. Jibu ni kilomita 11,024.

Mwenye Excel aweke latitudo mbili kwenye B1 na B2, longitudo kwenye C1 na C2, kisha abandike hii:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B1))*SIN(RADIANS(B2))+COS(RADIANS(B1))*COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(C2-C1)))

Namba 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Kwa kuwa dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, jibu linaweza kupishana na la mitambo ya urubani kwa nusu asilimia hivi. Kwa safari yetu hizo ni kilomita 50 zaidi au pungufu, dakika tatu nne za kuruka. Sijawahi kukosa usingizi kwa ajili yake.

Kuna mkato mmoja ninaoupenda. Miji miwili ikiwa na longitudo zinazokabiliana, yaani tofauti yake inakaribia 180, njia fupi hupita karibu na ncha ya dunia, na huhitaji sin wala cos. Singapore iko nyuzi 1.36 kaskazini, kwa hiyo kutoka hapo hadi Ncha ya Kaskazini ni nyuzi 88.64. New York iko 40.64, kwa hiyo kutoka nchani kuishukia ni nyuzi 49.36. Jumla 138. Mara 111.2, ni kilomita 15,350 hivi. Unaweza kuifanya hesabu hiyo nyuma ya bahasha ukiwa unasubiri chai.

Ukitumia tovuti au programu, angalia kipimo chake kabla ya kushangilia. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, maili ya baharini ni 1.852, na marubani hutumia ya baharini. Mtu akikwambia "maili elfu sita" bila kusema zipi, bado hajakwambia kitu. Na ukijiuliza ni umbali gani wa mwisho kabisa duniani, ni nusu ya mzunguko, kilomita 20,000 na kidogo. Jibu lolote lililozidi hapo ujue umekosea.

Hatua ya 4: Geuza kilomita kuwa saa, kana kwamba hakuna upepo

Ndege kubwa za masafa marefu hupendelea kwenda kwa asilimia 85 hivi ya kasi ya sauti. Huko juu, mita 10,000 hadi 12,000, baridi hufika nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri na sauti yenyewe husafiri polepole, kwa hiyo hiyo asilimia 85 ni kama kilomita 900 kwa saa. Ndege ndogo zenye ujia mmoja wa katikati ni kama kilomita 830 au 840.

Gawanya umbali kwa 900, kisha ongeza nusu saa. Nusu saa hiyo ni ya kutambaa ardhini kutoka getini, kupanda, na kushuka, nyakati ambazo ndege haiendi kwa kasi yake kamili.

11,024 ÷ 900 = 12.25. Ongeza 0.5, unapata 12.75, yaani saa 12 na dakika 45.

Hilo ni jibu la dunia isiyo na upepo. Hakuna anayeishi katika dunia hiyo.

Hatua ya 5: Tia upepo

Ukifungua ratiba za safari hii utaona jambo la ajabu. Kutoka Johannesburg kwenda Sydney ni chini kidogo ya saa 12. Kutoka Sydney kurudi Johannesburg ni kama saa 14. Ndege ile ile, kiwanja kile kile, kilomita zile zile.

Mabaharia wa zamani wangekueleza kwa neno moja. Walikuwa na upepo wa omo, unaowapiga usoni, na upepo wa tezi, unaowasukuma mgongoni. Angani ni vilevile, tofauti ni kwamba upepo wa huko juu una tabia inayotabirika: katika latitudo za kati, kaskazini na kusini ya ikweta, huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Humo ndani mna mikondo myembamba yenye nguvu, inayoitwa mikondo ya jeti, ambayo hupita kilomita 160 kwa saa mara nyingi na inaweza kuvuka hata 400. Hupata nguvu zaidi wakati wa baridi, kwa sababu tofauti ya joto kati ya ncha na ikweta huwa kubwa zaidi. Karibu na ikweta mikondo hiyo haipo, na safari za huko huenda na kurudi kwa muda unaokaribiana.

Kwa hiyo kanuni ni hii: anayekwenda mashariki anasukumwa, anayekwenda magharibi anapigwa kifua. Kwa makadirio ya mwaka mzima mimi hutumia wastani wa kilomita 75 kwa saa kwenye njia ndefu za latitudo za kati. Ukiijua njia yako vizuri utairekebisha namba hiyo mwenyewe.

Kwenda mashariki: 900 + 75 = 975. 11,024 ÷ 975 = 11.3. Ongeza nusu saa: 11.8, yaani saa 11 na dakika 50.

Kurudi magharibi: 900 − 75 = 825. 11,024 ÷ 825 = 13.4. Ongeza nusu saa: 13.9, yaani saa 14 kasoro dakika chache.

Linganisha na ratiba niliyotaja hapo juu.

Wengi hudhani kwamba upepo ukiongeza upande mmoja na kupunguza upande mwingine basi mwisho wake ni sare. Si sare. Jumlisha saa za angani za kwenda na kurudi: 11.3 na 13.4 ni 24.7. Bila upepo zingekuwa 24.5. Unapigwa na upepo wa omo kwa saa nyingi kuliko unavyosukumwa na wa tezi, kwa hiyo upepo hudai zaidi ya unavyotoa. Hapa ni dakika kumi na kitu tu, lakini mafuta ya ndege kubwa ya dakika kumi si kidogo, na wanaoyalipia wanalijua hilo.

Kuona nguvu ya upepo peke yake, tazama London na New York, kilomita 5,540. Kwenda New York ratiba huandika saa saba na nusu hadi nane, kurudi London saa saba au pungufu. Lakini Februari 2020, dhoruba iliyoitwa Ciara ilipokuwa ikivuka Atlantiki, ndege ya abiria ya kawaida ya aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikatua London baada ya saa 4 na dakika 56. Haikuwa imevunja kasi ya sauti. Ilikuwa imebebwa na hewa yenyewe. Kwa waliovunja kasi hiyo kweli, Concorde ilimaliza njia hiyo hiyo Februari 1996 kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59.

Hatua ya 6: Uliza kama njia iko wazi

Duara kuu halijui mipaka wala siasa. Rubani anazijua. Helsinki na Tokyo ziko kilomita kama 7,800, na kwa hesabu yetu hiyo ni safari ya saa tisa na kitu. Ndivyo ilivyokuwa hadi mapema 2022, kama saa tisa na nusu. Vita ya Ukraine ilipoanza na anga ya Urusi ikafungwa kwa mashirika ya Ulaya, safari hiyo ikaruka hadi saa 13 hivi, ndege zikizunguka ama juu ya Aktiki ama kwa kusini. Wazee wa fani hii walitikisa kichwa tu. Enzi za Vita Baridi ndege za Ulaya kwenda Japani zilikuwa zikitua Anchorage, Alaska, kujaza mafuta, kwa sababu ile ile.

Kikwazo kingine ni injini. Ndege ya injini mbili hairuhusiwi kwenda mbali mno na kiwanja ambacho ingeweza kukifikia kwa injini moja, na muda huo, mara nyingi dakika 180, hutegemea kibali cha aina ya ndege na cha shirika. Juu ya Ulaya hilo halina shida. Juu ya bahari ya kusini, ambako uzi wetu ulishuka hadi latitudo ya 50, viwanja ni vya kuhesabika. Ndiyo maana njia ya Johannesburg na Sydney kwa miaka mingi ilikuwa ya ndege za injini nne.

Mara nyingine njia ndefu huchaguliwa kwa hiari. Singapore kwenda New York ni kilomita 15,350 kwa njia fupi ya ncha, na hesabu yetu ingesema saa 17 na nusu. Ratiba inasema zaidi ya saa moja juu yake, kwa kuwa ndege mara nyingi hukunja kuifuata Pasifiki ya kaskazini ambako upepo unaisukuma. Inaongeza kilomita, inapunguza mafuta. Ukiona ratiba imezidi hesabu yako kwa saa nzima, usiilaumu hesabu. Tafuta ilikopinda njia.

Hatua ya 7: Saa za ukutani

Turudi kwenye tiketi ya mwanzo. Siri ni kutotoa saa moja kwa nyingine kabla ya kuzipeleka zote kwenye saa moja ya dunia, UTC.

Singapore iko UTC+8. Saa 23:30 ya Jumatatu, toa 8, ni 15:30 UTC. New York wakati wa saa za kiangazi, yaani miezi ambayo saa husogezwa mbele kwa saa moja, iko UTC−4. Saa 06:10 ya Jumanne, ongeza 4, ni 10:10 UTC. Kutoka 15:30 hadi 10:10 ya kesho yake ni saa 18 na dakika 40. Saa za kiangazi zikiisha, New York inakuwa UTC−5, na safari ile ile itaonekana inatua 05:10.

Kwa Johannesburg na Sydney: ukiondoka Johannesburg (UTC+2) saa 18:00, hiyo ni 16:00 UTC. Ongeza saa 11 na dakika 50, ni 03:50 UTC. Sydney iko UTC+10, kwa hiyo utatua 13:50 ya kesho yake. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili, ambapo Sydney iko UTC+11, itakuwa 14:50. Wakati wa kurudi, ukiondoka Sydney 10:00 ya UTC+10, ni 00:00 UTC. Ongeza saa 14, ni 14:00. Johannesburg ni 16:00 siku hiyo hiyo. Kwenye karatasi umekwenda kwa karibu saa 20 na kurudi kwa saa 6.

Kuna linalowachanganya zaidi. Ondoka Sydney Julai saa 10:00, ruka saa 13 na nusu, na utatua Los Angeles saa 06:30 ya siku hiyo hiyo. Umefika kabla hujaondoka, kwa sababu umevuka mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambako siku hubadilika. Ukienda upande wa pili unapoteza siku nzima, na hapo ndipo watu hukodi hoteli ya usiku ambao hawatakuwepo. Tafuta alama ya +1 au +2 pembeni ya saa ya kutua. Na usidhani kanda zote zinakatwa kwa saa nzima: India ni UTC+5:30, Nepal ni UTC+5:45.

La kwetu sisi wasema Kiswahili: tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. 08:00 ni saa mbili asubuhi, si saa nane. 20:00 ni saa mbili usiku. Unapomwambia mtu akupokee kwa simu, taja saa kwa Kiswahili na useme asubuhi au usiku, kisha mtumie na namba ilivyo kwenye tiketi. Nimeona mpokeaji akifika kiwanjani saa sita baada ya mgeni wake.

Hatua ya 8: Ukibadili ndege njiani

Weka umbali wa vipande vyote na ujumlishe, kisha ulinganishe na duara kuu. London hadi Sydney ni kilomita 17,000. Kupitia Singapore ni 10,900 + 6,300 = 17,200, karibu hakuna ulichopoteza. Kupitia Dubai ni 5,500 + 12,050 = 17,550, bado sawa. Kupitia Los Angeles ni 8,800 + 12,050 = 20,850, na hapo unalipa saa nne za ziada za kukaa kitini. Nauli ikiwa ya chini sana unaweza kukubali, lakini ukubali ukijua.

Kwenye kila kipande ongeza nusu saa yake ya kupanda na kushuka, halafu muda wa kusubiri. Hapo katikati ndipo muda mwingi hupotelea. Saa moja na nusu ya kuunganisha inatosha kwenye tiketi moja, ndani ya jengo moja, bila kukagua pasipoti. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, mizigo lazima uichukue na kuikabidhi upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari nawe. Kwa hizo mimi siuzi chini ya saa nne, hata mteja anune.

Kisha mlango hadi mlango. Kwa mfano wetu wa mashariki: saa moja kwenda kiwanjani, saa tatu kabla ya kuruka, saa 11 na dakika 50 za ratiba, saa moja na nusu ya uhamiaji na mizigo, saa moja kwenda unakolala. Jumla ni saa 18 na dakika 20. Ukiulizwa "ni saa ngapi?" na mtu anayetaka kujua atalala lini, hiyo ndiyo namba ya kumpa.

Hatua ya 9: Pima hesabu yako na ndege zenyewe

Chukua namba ya safari, ifungue kwenye Flightradar24 au FlightAware, tovuti zinazofuatilia safari za ndege, na uangalie safari za wiki moja au mbili zilizopita. Usiangalie ratiba tu, angalia muda halisi wa kuruka hadi kutua. Ratiba huhesabu geti hadi geti, na mashirika huongeza dakika za akiba ili yaonekane yamewahi. Ndiyo maana rubani hutangaza kwa furaha kwamba mmefika dakika ishirini mapema.

Hesabu yako ikipishana na wastani kwa chini ya nusu saa, iache. Ikizidi hapo, rudi nyuma kwa mpangilio huu: alama za hasi kwenye majiranukta, kisha aina ya ndege, kisha upepo wa msimu, na mwisho ramani ya njia iliyorukwa. Fungua safari moja ya mchana na moja ya usiku uziweke pamoja. Mara nyingi utakuta zimetengana kwa mamia ya kilomita, kila moja ikiufuata upepo wa siku yake.